TUSIITETEE HAKI KWA HOJA DHAIFU: Majina ya Mungu katika Kiebrania na Namna Yalivyotarjumiwa

(Mhadhara uliotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha)

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, Mwenye majina mazuri yaliyotukuka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Tangu miaka ya 1980 mihadhara ya kulinganisha dini imekuwa jambo la kawaida katika miji yetu, na vijana wetu wengi wameipenda. Katika mihadhara hiyo suala la jina la Mungu halikosekani, na aghalabu husikika madai matatu. La kwanza husemwa na baadhi ya Wakristo, kwamba jina la Mungu wa kweli ni Yehova, na kwamba Allah ni mungu mwingine wa Waarabu. La pili husemwa na baadhi yetu sisi, kwamba jina Allah limo waziwazi ndani ya Biblia, na ushahidi wake eti ni neno "Haleluya". La tatu hutumiwa na pande zote mbili, nalo ni kwamba neno la Kiebrania "Elohim" ni wingi. Mkristo akalifanya dalili ya Utatu, na Muislamu akalifanya dalili ya ushirikina.

Madai yote matatu hayasimami. Nasi tumeona inatupasa kuyaeleza hapa msikitini, kwa sababu kijana akishafundishwa kwamba dini yake imesimama juu ya hoja fulani, kisha hoja hiyo ikavunjwa mbele ya watu, haitavunjika hoja peke yake. Huenda na moyo wake ukatikisika. Tawhidi ni haki, na haki haihitaji kuegemezwa kwenye gogo bovu.

MSINGI WETU KATIKA JAMBO HILI

Kabla ya kuingia katika maneno yenyewe, na tukumbushane misingi miwili.

Msingi wa kwanza ni kujifunza. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamrisha Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwani hakuwa na amani na wanaomsomea na kumwandikia barua zao. Zayd akayajifunza kwa muda wa nusu mwezi hivi, akawa ndiye msomaji na mwandishi wake. Basi kujua lugha ya watu wa Kitabu ni Sunna iliyosahauliwa. Anayesimama jukwaani kufasiri neno la Kiebrania naye hajui hata herufi moja ya lugha hiyo, huyo amekosea njia hata kama nia yake ni njema.

Msingi wa pili ni uadilifu. Mtume (s.a.w.) alituelekeza kwamba wanayotueleza watu wa Kitabu kutoka katika vitabu vyao tusiyasadikishe wala tusiyakadhibishe yale tusiyokuwa na elimu nayo, bali tuseme kwamba tumemuamini Allah na yaliyoteremshwa. Na Qur'ani, katika Suratul-Ankabut, imetuamrisha tusijadiliane nao ila kwa njia iliyo bora, na tuwaambie kwamba Mungu wetu na Mungu wao ni mmoja.

JINA LA HERUFI NNE

Katika vitabu vya Kiebrania, jina linalotajwa zaidi kuliko yote limeandikwa kwa herufi nne: yod, he, waw, he; nazo kwa Kiarabu ni ya, ha, waw, ha. Limekuja zaidi ya mara 6,800. Mayahudi hawalitamki. Msomaji wao akilifikia husoma "Adonai", yaani Bwana wangu. Na katika mazungumzo ya kawaida husema "Ha-Shem", yaani lile Jina. Kwa mujibu wa mapokezi yao, zamani kuhani mkuu alikuwa akilitamka Hekaluni siku ya Upatanisho. Hekalu likabomolewa na Warumi mwaka 70, na desturi hiyo ikakoma.

Sasa tuzingatie. Kiebrania, kama Kiarabu, huandikwa kwa herufi bila ya irabu. Waislamu hatushangazwi na jambo hilo, kwani misahafu ya mwanzo haikuwa na nukta wala irabu. Lakini Qur'ani ilihifadhiwa vifuani kabla ya kuhifadhiwa katika karatasi, ikasomwa kwa sauti katika kila swala na kila kizazi, kwa hiyo maandishi yalikuwa msaidizi wa ulimi. Jina hili la herufi nne lilifikwa na kinyume chake: maandishi yalibaki, na ulimi ukanyamaza. Ulimi uliponyamaza kwa karne nyingi, matamshi ya yakini yakapotea.

Baina ya karne ya 7 na ya 10, wataalamu wa Kiyahudi waitwao Wamasoreti, na mashuhuri wao walikuwa katika mji wa Tiberia, waliyatilia maandiko yao irabu. Walipofika kwenye jina hili, hawakuliandikia irabu zake. Waliliwekea irabu za neno "Adonai", ili kumkumbusha msomaji kwamba atamke Adonai. Na pale ambapo Adonai imekwisha kutangulia, waliliwekea irabu za Elohim, ili asirudie neno moja mara mbili. Wasomi wa Kikristo wa Ulaya katika karne za kati wakachukua herufi za neno moja na irabu za neno jingine, wakazisoma kwa pamoja. Kwa njia hiyo likapatikana tamko "Yehova".

Kwa hiyo "Yehova" ni tamko lililozaliwa na usomaji wa namna hiyo, si tamko lililopokewa kutoka kwa Musa (a.s.). Hayo si maneno ya Waislamu. Wanazuoni wa Kikristo na wa Kiyahudi wanayasema wao wenyewe. Wengi wao leo hukadiria kwamba tamko la asili lilikuwa "Yahweh", wakitegemea mambo kadhaa, na miongoni mwake ni maneno ya Theodoret, askofu wa karne ya 5, aliyeandika kwamba Wasamaria walikuwa wakitamka "Iabe". Lakini hata hayo ni makadirio ya wataalamu, hayana sanadi.

Basi anayesema kwamba asiyemwita Mungu "Yehova" hamwabudu Mungu wa kweli, na atafakari: amewahukumu hata Mayahudi wenyewe waliokihifadhi kitabu hicho.

WATARJUMI WALIFANYA NINI?

Jina lisilotamkwa litatarjumiwaje? Hapa ndipo penye darsa kubwa ya mhadhara wetu.

Katika karne ya 3 na ya 2 kabla ya kuzaliwa Isa (a.s.), Mayahudi wa Misri walivitarjumi vitabu vyao kwa Kiyunani, na tarjuma hiyo ikaitwa Septuaginta. Baadhi ya vipande vyake vya kale vimeliacha jina lile katika herufi za Kiebrania, katikati ya maandishi ya Kiyunani. Lakini nakala zilizoenea baadaye mikononi mwa Wakristo ziliandika "Kyrios", yaani Bwana. Jerome, alipotarjumi kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, akaandika "Dominus", nalo ni Bwana vilevile. Tarjuma ya Kiingereza ya mwaka 1611 ikaandika Bwana kwa herufi kubwa, na ikaliacha tamko la Yehova mahali pachache tu. Tarjuma ya Kimarekani ya mwaka 1901 ikaligeuza hilo, ikaandika Yehova kila mahali. Mwaka 1931, huko Marekani, kundi moja la Kikristo likajiita Mashahidi wa Yehova, na baadaye likatoa tarjuma yake iliyoliingiza jina hilo hata katika Agano Jipya, ilhali nakala za Kiyunani za Agano Jipya zilizopo hazina herufi hizo nne. Na mwaka 2008 Vatikani ikaagiza kwamba tamko la Yahweh lisitumike katika ibada za Wakatoliki, warejee kwenye neno Bwana.

Katika Kiswahili, Biblia ya Union ya mwaka 1952 imeandika BWANA kwa herufi kubwa zote mahali palipo na jina la herufi nne. Mkiona "BWANA Mungu", asili yake ni jina lile pamoja na Elohim. Mkiona "Bwana MUNGU", neno la pili ndilo lenye herufi kubwa, basi asili yake ni Adonai pamoja na jina lile. Ama Biblia ya Habari Njema imechagua kuandika "Mwenyezi-Mungu" badala ya BWANA. Hayo yote ni mabadala yaliyoshika nafasi ya jina. Wala hatusemi kwamba watarjumi walikusudia hila; tunasema kwamba kila tarjuma ni fahamu ya mtarjumi, na msomaji ana haki ya kujua ni wapi jina limeondoka na neno jingine limekaa.

Na jambo hili lina uzito katika itikadi. Chukueni Zaburi ya 110, aya ya kwanza. Katika Kiebrania pana maneno mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Msemaji ni lile jina la herufi nne. Anayesemeshwa ni "adoni", yaani bwana wangu, neno ambalo mtu humwambia mtu aliye mkubwa wake. Na ndilo neno ambalo Sara amelitumia kumtaja mumewe Ibrahimu katika kitabu cha Mwanzo. Katika Kiyunani maneno yote mawili yakawa Kyrios. Katika Kiswahili yote mawili yakawa Bwana, tofauti yake ikabaki katika ukubwa wa herufi peke yake. Na anayesikiliza kwa sikio haoni herufi kubwa! Kisha neno hilohilo Kyrios ndilo analoitwa Isa (a.s.) katika Agano Jipya. Basi mtu akisikia Bwana huku na Bwana kule, anaweza kudhani kwamba anayetajwa ni mmoja. Wakristo wana maelezo yao katika hilo, na ni haki yao kuyaeleza. Lakini mjadala wa kielimu huanzia kwenye asili ya maneno, hauanzii kwenye tarjuma.

"NITAKUWA AU NIKO?"

Katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 3, Musa (a.s.) anauliza jina la Aliyemtuma, na jibu linakuja kwa neno "Ehyeh", kutokana na mzizi wenye maana ya kuwa. Wale mnaosoma nahau mtalielewa jambo hili upesi. Kitenzi hicho kiko katika sura inayofanana na mudhari'i wetu, ambayo hubeba wakati uliopo na wakati ujao. Yawezekana kusomwa kuwa Niko, na yawezekana kusomwa kuwa Nitakuwa. Watarjumi wa Septuaginta wakachagua maana ya Aliyepo, na wanafalsafa wakajenga juu yake mlango mzima wa maneno kuhusu kuwapo kwa Mungu. Wengine wakachagua wakati ujao, wakasema ni ahadi kwamba atakuwa pamoja na waja wake. Tarjuma ya Kiarabu ya Van Dyck, iliyokamilika Beirut mwaka 1865, ikaona vyema kuliacha neno la Kiebrania kama lilivyo.

Lugha moja imebeba maana mbili kwa neno moja, na lugha nyingine imelazimika kuchagua. Hata sisi yanatufika hayo. Ar-Rahman na Ar-Rahim ni majina mawili kutokana na mzizi mmoja, kila moja lina wizani wake na maana yake. Nasi kwa Kiswahili hulazimika kuyafasiri kwa maneno mengi, na bado tunajua kwamba hatujafika.

ELOHIM SI DALILI YA UTATU WALA YA USHIRIKINA

Ama Elohim, ni kweli kwamba umbo lake ni la wingi. Lakini tazameni kitenzi kinachofuata. Katika aya ya kwanza ya Mwanzo, kitenzi cha kuumba kimekuja kwa umoja. Anayeumba ni mmoja, na wingi ni wa kutukuza. Waislamu tunaujua mtindo huu, kwani Allah katika Qur'ani husema "Sisi" naye ni Mmoja asiye na mshirika.

Na ipo dalili iliyo wazi zaidi. Katika kitabu cha Waamuzi, mlango wa 11, sanamu aitwaye Kemoshi ametajwa kwa neno hilohilo Elohim, na katika Samweli wa kwanza, mlango wa 5, Dagoni vilevile. Kemoshi alikuwa mmoja na Dagoni alikuwa mmoja. Hakuna aliyedai kwamba kila mmoja wao ana nafsi tatu. Basi Mkristo asitoe Utatu katika herufi za mwisho za Elohim, wala Muislamu asimcheke Yahudi kwa wingi huo.

JE, JINA ALLAH LIMO KATIKA BIBLIA?

Jibu la uadilifu ni hili: jina hili kwa umbo lake la Kiarabu halimo katika Kiebrania, lakini jamaa zake wa karibu wamo. Kiebrania kina El, Eloah na Elohim. Sehemu za kitabu cha Danieli na Ezra zilizoandikwa kwa Kiaramu zina Elah. Wakristo wa Kisiria husema Alaha. Nasi tuna Ilah. Na wapo wanazuoni wa lugha waliosema kwamba Allah asili yake ni Al-Ilah, na wapo waliosema kwamba ni jina lisilonyambuliwa. Lugha hizi ni ndugu. Tazameni majina tunayowapa watoto wetu: Ismail kwa Kiebrania maana yake ni Mungu husikia, na Mikail maana yake ni Nani aliye kama Mungu? El iliyomo ndani ya majina hayo haikuwa ngeni kwa Mitume.

Ama "Haleluya", tuseme kweli. Neno hilo lina sehemu mbili: "hallelu", yaani sifuni, ni amri kwa watu wengi, na "Yah", ambayo ni mkato wa lile jina la herufi nne. Sauti ya "lelu" ndani yake si Allah. Anayesema hivyo amesikia mlio akadhani ni maana. Ikiwa mnataka undugu wa kweli, upo katika mzizi: h-l-l kwa Kiarabu nako huja kwa maana ya kupaza sauti, na ndimo likatoka neno ihlal, yaani Hujaji kupaza sauti kwa talbiya.

Na kwa yule anayesema kwamba Allah ni mungu mwingine, jibu lake lipo katika historia ya watu wake mwenyewe. Saadia Gaon, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi aliyezaliwa Misri na kufariki mwaka 942, alitarjumi Taurati kwa Kiarabu. Elohim aliliandika Allah, na jina la herufi nne aghalabu aliliandika Allah pia. Tarjuma ya Van Dyck, inayosomwa na Wakristo Waarabu mpaka leo, imeanza kwa kusema kwamba Allah ndiye aliyeumba mbingu na ardhi. Hatuhitaji Haleluya ilhali ushahidi kama huu upo.

Hapa kwetu hali ni hiyohiyo. Neno Mungu ni la Kibantu, nalo limo katika Biblia ya Union, na limo katika tarjuma ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ya mwaka 1969 kwa tamko la Mwenyezi Mungu. Hakuna upande unaoweza kudai kwamba neno hilo ni lake peke yake.

ADABU ZETU

Ndugu Waislamu, tumalizie kwa nasaha tatu.

Kwanza, majina ya Allah kwetu yanategemea wahyi. Hatumwiti kwa jina ambalo halikuthibiti katika Qur'ani na Sunna. Kwa hiyo Muislamu haifai kulifanya tamko la Yehova kuwa dua yake. Wala hana haja nalo.

Pili, kutolitumia si ruhusa ya kulifanyia mzaha. Tumesikia vicheko katika mihadhara pale msemaji anapoligeuzageuza tamko hilo ili wasikilizaji wacheke. Muogopeni Allah! Asili ya jina hilo, walivyopokea wenyewe, ni kumtaja Mola wa Ibrahimu na Musa (a.s.). Ikiwa Qur'ani imetukataza kuyatukana hata masanamu, wasije wenyewe wakamtukana Allah kwa ujinga, itakuwaje kulicheka jina ambalo mtu amelikusudia kwa Muumba wa mbingu na ardhi?

Tatu, kila mwenye kusimama kuhutubia kuhusu dini ya wengine asiseme neno ambalo hakulihakiki. Akiulizwa asilolijua, na aseme sijui. Hiyo ni nusu ya elimu. Walimu wa madrasa na tuwafundishe vijana herufi hizo chache za Kiebrania. Kwa aliyesoma Kiarabu, safari yake si ndefu. Kijana aliyeziona herufi kwa macho yake hatababaishwa na mwenye kupiga kelele, naye hatambabaisha mwingine.

Kauli ya Musa (a.s.) kwa watu wake, kama wanavyoisoma Mayahudi asubuhi na jioni mpaka hii leo, inatangaza kwamba Mungu ni "Ehad". Nasi katika Suratul-Ikhlas tunasoma "Ahad". Mzizi ni mmoja na wito ni mmoja. Tuwaite wenzetu kwenye neno hilo kwa elimu na kwa ukweli.

Tunamuomba Allah atufundishe yenye kutunufaisha, azilinde ndimi zetu na kumsemea pasi na elimu, na atufishe katika tawhidi. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.